Nani Atamtwisha Mama

Mtaalamu wa fiziotherapia pale Kitete alimuuliza mama swali ambalo sisi watoto wake wanne hatukuwahi kumuuliza tangu atoke chumba cha upasuaji. "Mama, unataka huu mkono uje ufanye nini?"

Nikajibu mimi. Nilisema tunataka aweze kuvaa, kuoga, kujifunga kilemba, basi; kazi nyingine zote sisi tupo. Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia mama akarudia swali lile lile. Mama alitazama dirishani kidogo. Akasema, "Nataka kujitwisha ndoo."

Nilicheka nikidhani anatania. Halafu nikaona aibu, maana chumbani mlikuwa na wagonjwa wengine wawili, na nilijua wanachowaza: mama ana watoto watu wazima na bado anawaza kuchota maji.

Naomba nieleze kwanza mkono wenyewe.

Mama alichelewa kwenda hospitali, kama wanawake wengi wa huku wanavyochelewa. Uvimbe ulianzia titi la kulia. Aliuficha chini ya kitenge karibu mwaka mzima, na siku alipomwonyesha dada yangu mkubwa ulikuwa umeshanata kwenye msuli wa kifua. Madaktari wa Mwanza walimpa dawa za kuupunguza, kisha wakaondoa titi, tezi za kwapani, na sehemu kubwa ya ule msuli ulioshikwa. Msuli wenyewe ni ule mpana unaotoka kwenye mfupa wa kifua na mtulinga, ukaenda kujishikiza juu ya mfupa wa mkono. Ndio unaouleta mkono mbele ya mwili na kusaidia kuukandamiza chini. Ukimkumbatia mtu, ni huo. Ukisonga ugali wa watu kumi, ukitwanga, ukishusha jembe, ni huo pamoja na wenzake wa mgongoni.

Mtu asiyejua, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani msuli huo ukiondoka mkono hauinuki tena. Kumbe kuinua mkono ni kazi ya misuli ya begani na ile inayozungusha bapa la bega, na hiyo mama alibaki nayo. Kinachouzuia mkono kupanda baada ya upasuaji wa namna hii mara nyingi ni kovu linalojikaza, ngozi ya kwapa inayovuta, nyuzi ngumu kama kamba zinazoweza kujitokeza chini ya ngozi kutoka kwapani kuelekea kiwiko, na woga. Kwa hiyo mama alikuwa na hasara mbili katika mkono mmoja. Ile ya kwanza ilikuwa ya kudumu: nguvu ya kukandamiza isingerudi kama zamani. Ya pili ingeweza kukombolewa. Mkono ungepanda tena, ilimradi uanze kupandishwa mapema.

Haukupandishwa mapema, na kosa ni langu.

Tulipotoka hospitali tulipewa karatasi yenye michoro ya mazoezi. Niliikunja nikaitia kwenye bahasha ya vyeti. Nilikuwa nimeomba likizo kazini Dodoma nikaja Tabora kumuuguza, na kwa wiki sita nilikuwa mtoto anayesifiwa na mtaa mzima wa Isevya. Mama hakushika mwiko. Hakushika ufagio. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kilikuwa kimeshamfikia. Nilimvisha, nikamsuka, nikaulaza mkono wake juu ya mto kama yai. Kila alipokunja uso nilisema, "Acha mama, pumzika," naye akaacha. Wageni waliokuja na maziwa na kuku waliondoka wakisema huyu mama kazaa.

Wiki ya saba tulirudi Mwanza kwa ajili ya mionzi. Kwa mionzi ya kifua mgonjwa hulala chali, mkono ameuinua pembeni ya kichwa, akatulia hivyo ili mashine ipate eneo lake. Mama alilala, akainua. Mkono ulifika nusu ya njia ukakataa. Alijaribu tena na tena mpaka machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. Tukaambiwa, kwa upole kabisa, tukafanye mazoezi kwanza, turudi mkono ukishafika. Nilijua maana yake: tiba iliyokusudiwa kuzuia ugonjwa usirudi ilikuwa inasubiri bega ambalo mimi ndiye niliyeliacha likagande. Kwenye basi sikusema neno mpaka tukapita Nzega. Mama ndiye aliyenibembeleza, akinipa karanga za kuchemsha kwa mkono wa kushoto.

Hivyo ndivyo tulivyofika Kitete.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida mno kiasi cha kumfanya mtu ayadharau. Unasimama ukitazama ukuta, vidole vinatembea kwenda juu kama buibui, na pale vinapokomea unaweka alama ya chaki. Kesho unaitafuta alama ya jana. Kuna fimbo ya mwiko inayoinuliwa kwa mikono miwili, mkono mzima ukiuongoza mgonjwa. Kuna kamba, ambayo sisi tuliirusha juu ya tawi la mwembe uani, mkono wa kushoto unavuta chini na wa kulia unapanda. Mimi nilipewa kazi moja: kuhesabu. "Usimshike," yule dada aliniambia. "Na usimwambie aache. Akitaka kuacha atasema mwenyewe."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Kuhesabu mpaka kumi huku mama yako anatetemeka midomo, na mikono yako iko nyuma kama ya mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilikuwa la aina gani. Rahisi kusema ni kutojua. Lakini karatasi ilikuwa kwenye bahasha, na mimi ni mtu ninayesoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi. Sikuisoma kwa sababu nilikuwa nimeshaamua mama ni nani kuanzia sasa. Alikuwa mgonjwa, amefanya kazi vya kutosha, umri wake na yaliyompata vinampa haki ya kukaa. Mtu wa kukaa anahitaji mkono wa nini?

Baadaye niligundua kwamba katika kosa hilo nina mwenzangu mashuhuri. William Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeufanya upasuaji wa kuondoa titi, tezi za kwapa na misuli ya kifua vyote kwa pamoja uwe kanuni iliyofuatwa duniani kwa miongo mingi. Katika makala yake ya mwaka 1894 aligusia suala la mkono. Alieleza kwamba ulemavu, hata uwe mkubwa vipi, ni jambo dogo ukilinganisha na uhai wa mgonjwa; na zaidi ya hayo, wagonjwa hawa ni wazee, wastani wao unakaribia miaka 55, na si watu wenye shughuli nyingi tena katika jamii.

Mama yangu mwaka ule alikuwa na miaka 56. Mwezi aliouonyesha uvimbe wake alikuwa amemaliza palizi ya mahindi na karanga, ameanika michembe juu ya jiwe, analea mjukuu wa miaka miwili ambaye hakubali kutembea akimwona bibi, na ni mtunza hazina wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Nikisoma maneno yale huwa namwona Halsted amesimama kwenye mlango wa jiko letu, amevaa suti yake, akiuliza iwapo kuna mtu mwenye shughuli humu ndani.

Lazima nimtendee haki. Wagonjwa wake walikuwa wakimjia na uvimbe mkubwa uliokomaa, kama wanavyokuja wengi wetu hadi leo, na upasuaji wake ulipunguza sana ugonjwa kurudi pale pale kifuani. Tena mama hakukatwa msuli kwa kanuni ya Halsted. Alikatwa kwa sababu saratani ilikuwa imeushika, na hata leo daktari hana njia nyingine nzuri hali ikiwa hivyo. Lakini kwa muda wa miaka karibu 80 wanawake wengi walipoteza misuli iliyokuwa mizima, kwa imani kwamba ukikata zaidi unaponya zaidi. Iliwabidi wangoje mpaka mwaka 1971, ambapo kundi la Bernard Fisher lilianza utafiti uliowalinganisha wanawake zaidi ya 1,600, na matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 25 yakaonyesha kwamba waliokatwa misuli hawakuishi zaidi ya wale walioachiwa.

Sayansi hiyo niiache. Kinachonisumbua ni ile hoja ndogo ya pembeni, kuhusu nani bado ana shughuli. Halsted alisema hawana shughuli, kwa hiyo mkono si kitu. Mimi nilisema mama asiwe na shughuli tena, kwa kuwa nampenda. Bega liliganda vile vile.

Tabora ni mahali pa ajabu pa kusahau maana ya bega. Mji huu uliinuka kwa mabega. Kabla reli haijafika mwaka 1912, pembe za ndovu na vitambaa vilipita hapa juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, mwendo wa miezi kati ya hapa na Bagamoyo. Tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa Kwihara kuliona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Hadithi niliyoondoka nayo siku ile ilikuwa ya mkono wake. Mwaka 1844, kusini mwa Afrika, simba aliuponda mfupa wa mkono wake wa kushoto. Haukuunga vizuri, pakabaki kiungo cha uongo, na toka hapo mkono ule ulimsumbua kuuinua maisha yake yote. Alipokufa mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili uliokaushwa mpaka hapa Unyanyembe, na kutoka hapa mpaka pwani. Ulipofika London mwaka uliofuata, daktari William Fergusson aliutambua kwa kuupapasa mfupa ule uliovunjika.

Nilipokuwa mtoto niliipenda sana hadithi hiyo: mkono mbovu ndio uliosema mwenye mwili ni nani. Wakati wa kumuuguza mama ilinirudia kwa namna nyingine. Usiku mmoja alikuwa amekaa kitandani akiupapasa mkono wake wa kulia, akauliza, "Huu kweli ni wangu?" Ngozi ya upande wa ndani ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo aliushika kama anashika mkono wa mtu mwingine. Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kuhusu Livingstone, nikaona ni upuuzi. Na hata hivyo, wale waliombeba miezi tisa, hakuna aliyewapapasa mabega wakifika. Ule ulikuwa mkono wa mtu mmoja, na historia ilikuwa na nafasi ya mkono mmoja tu.

Kuhusu ndoo sasa.

Sote tunaijua kauli ya serikali: kumtua mama ndoo kichwani. Ni kauli nzuri, na asiyeiunga mkono hajawahi kubeba lita 20 kwenye jua la Oktoba. Nyumbani kwetu bomba lipo uani. Lakini kuna siku linakauka, na siku hizo kina mama wa mtaa wetu huenda kwenye kisima cha jirani, nyumba ya nne kutoka kwetu. Hicho ndicho kisima alichokuwa akikisemea mama. Nilimuuliza siku moja tukitoka Kitete: kwa nini ndoo? Kwa nini usiseme kushona, au kusuka ukili, vitu unavyovipenda? Alinijibu kama anayemweleza mtoto. "Pale kisimani mtu hajitwishi peke yake. Nikimwambia jirani nitwishe, na yeye atasema nitwishe. Mimi sasa nimwambie nini?"

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi.

Tumelelewa na neno kujitegemea. Liko kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967, liko kwenye nyimbo tulizoimba mchakamchaka, na hata hospitalini ndilo linalotumika: lengo la mazoezi ni mgonjwa aweze kujitegemea. Mimi mwenyewe nilikuwa naona njia mbili tu. Ama mama ajitegemee, ama atutegemee sisi. Na kwa kuwa ya kwanza ilionekana ya mateso, nilimchagulia ya pili na kuiita heshima. Mama hakuwa anaomba yoyote kati ya hizo. Alitumia neno kujitwisha, lakini kisimani hakuna anayejitwisha: ndoo iliyojaa huinuliwa na wawili, mmoja akiinama chini yake, mwingine akiisukuma juu. Aliyesaidiwa anageuka anamsaidia mwenzake. Aliye peke yake anangoja apite mtu. Alichokuwa anakililia ni ile zamu yake ya kuwa upande wa pili wa ndoo.

Msaada wangu ulikuwa haurudishiki. Hapo ndipo ninapoona ubaya wake, zaidi hata ya bega kuganda. Wiki sita nilimpokea kila mzigo, na kila nilipompokea nilimwondoa hatua moja kwenye duara la watu wanaodaiana. Majirani walileta kuku. Yeye hakuwa na mkono wa kupeleka kitu. Walikuja kumwona, na ukisikiliza vizuri, hata salamu zilikuwa zimebadilika. Zamani walimwambia mwangaluka mayu, wakaingia moja kwa moja kwenye habari za mashamba. Sasa waliuliza pole, unaendeleaje, na mazungumzo yakaishia kwenye kovu.

Najua hoja ya upande mwingine, na ni hoja nzito. Mwanamke wa Tabora amebeba vya kutosha. Kuna wanaume katika ukoo wetu waliofurahi mno kusikia mama anataka kubeba ndoo, kwa sababu wasizostahili. Mtu anaweza kutamani mzigo kwa kuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba bila mzigo hana thamani, na tamaa ya namna hiyo hatupaswi kuishangilia tu kwa kuwa ni yake. Sijui mpaka wapi mama alikuwa anachagua na kutoka wapi alikuwa anatii. Pengine hata yeye hajui. Lakini niligundua kwamba hoja hii, nzuri kama ilivyo, naitumia kila ninapotaka kuendelea kumwamulia.

Tena palikuwa na hofu ya kweli. Tezi za kwapa zikiondolewa, majimaji ya mwili yanaweza kushindwa kushuka vizuri na mkono ukavimba, na ukishavimba hauponi kwa urahisi. Kwa miaka mingi wanawake waliofanyiwa upasuaji huu waliambiwa wasibebe kitu kizito kwa mkono huo mpaka kufa. Mwaka 1996 daktari mmoja wa Vancouver, Kanada, Don McKenzie, aliwapandisha wanawake 24 waliougua saratani ya matiti kwenye mtumbwi mrefu wa mashindano, wakapiga makasia msimu mzima, aone itakuwaje. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba: walionyanyua vyuma kwa kupanda polepole hawakuvimba zaidi ya wengine, na waliongezeka nguvu. Neno la msingi pale ni polepole. Yule dada wa Kitete alilisema kwa lugha yetu: leo pakiti ya chumvi, wiki ijayo chupa ya maji ya nusu lita, na kila jioni tunapima mzunguko wa mkono kwa utepe wa fundi nguo.

Chaki zilipanda. Wiki ya kwanza zilikuwa usawa wa kidevu, ya tatu zikapita paji la uso, ya tano mama akagusa msumari tuliotundikia kalenda. Tulirudi Mwanza, akalala, akainua mkono, ukakaa. Siku 15 za mionzi. Kwenye basi la kurudi alilala usingizi njia nzima. Hadi leo anahudhuria kliniki, na hadi leo majibu ni mazuri.

Nguvu ya kukandamiza haikurudi. Ugali wa sherehe wanasonga wengine, na kinu ameshagawa. Siku akizidisha kazi mkono unakuwa mzito jioni, anauegemeza juu ya mto, na mimi nikiwa Dodoma nasikia kwenye simu kwamba ananificha. Namwacha anifiche.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani bomba lilipokauka. Alitoa ndoo ndogo ya lita 10, nami nikabeba ya 20, tukaenda kisimani. Tulikuta watu wawili wakaondoka, tukabaki sisi. Nilichota, nikajaza yangu, nikajaza yake. Alipogeuka kuokota kata yake iliyoanguka, nilimwaga kidogo kutoka ndoo yake, kama vikombe vitatu hivi. Akarudi, akaiweka kata kichwani, akainama mbele yangu.

"Nitwishe."

Tuliinua pamoja. Mkono wa kulia ukapanda ukashika ukingo. Alisimama wima, akatulia kidogo kama anayesikiliza kitu, kisha akasema bila kunitazama, "Umepunguza."

"Kidogo tu, mama."

"Nitue," akasema. "Jaza."